Kompyuta Iliyozima Kwake Tu

Mkanda ulikatika katikati ya soko la Vismarkt, Jumamosi saa nne asubuhi, pale hasa ambapo watu husongamana kati ya muuza jibini na muuza samaki wa kukaanga. Hilje Bolhuis alikuwa akiisukuma baiskeli yake kwa mikono miwili. Kwenye kreti ya mbele alikuwa amefunga kompyuta ya mezani, kasha jeusi kubwa kama sanduku la safari, lenye umri wa miaka kumi na moja. Kasha likaanza kuteleza. Hilje akapiga yowe, baiskeli ikalala upande huu na kasha likaenda upande ule.

Mikono ya mtu ikalidaka.

"Taratibu, bibie," alisema mwenye mikono. "Hii yako ilitaka kujitupa kwenye mafuta ya moto."

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la mvua la kijani lililopauka mabegani, na ndevu fupi zilizokuwa na tone la mchuzi mweupe. Chini ya miguu yake palikuwa na karatasi iliyopasuka na vipande vya samaki vilivyotawanyika juu ya mawe. Shakwe watatu walikuwa wameshafika.

"Jamani, samaki wako!" Hilje alisema.

"Waache wale. Hata mimi nilikuwa sina haki nao, daktari amenikataza mafuta."

Hilje alicheka bila kutaka. Alikuwa amevaa koti la rangi ya haradali, buti za mvua, na nywele zake nyekundu alikuwa amezibana kwa kitambaa cha buluu. Vidole vyake vitatu vilikuwa na plasta. Mtu huyo aliviona vidole kabla ya kuuona uso, na alipouona uso akasahau kuondoa macho.

"Unaipeleka wapi?"

"Ukumbi wa mtaa, Oosterpark, kwa wale mafundi wa kujitolea. Nimeambiwa kuna jamaa wa kompyuta. Eti anajua kazi, ila ana maneno mengi."

"Nani kasema ana maneno mengi?"

"Jirani yangu."

"Huyo jirani wako ndiye mwenye maneno mengi." Alilikumbatia kasha kwa mkono mmoja, mwingine akaunyoosha. "Mimi naitwa Reinder Oosting. Ndiye huyo jamaa. Twende, nilikuwa naelekea huko huko."

Kila Jumamosi ukumbi ule hujaa. Watu huja na vibaniko vya mkate vilivyoungua, redio zilizonyamaza na suruali zilizopasuka zipu, na mafundi huvitengeneza bure huku kahawa ikimiminwa. Reinder, ambaye siku za kazi alikuwa akiangalia pampu za maji za manispaa, alikuwa na meza yake karibu na dirisha. Pembeni yake alikaa Tineke, muuguzi mstaafu wa miaka sabini na moja, mwenye cherehani mbele na masikio yaliyosikia kila kitu.

"Haya, mgonjwa anaumwa nini?" Reinder aliuliza.

"Nakuwa nachora vizuri tu, mara skrini inakuwa nyeusi," Hilje alisema. "Sekunde mbili, tatu. Halafu inarudi na kaujumbe: draiva ya kadi ya michoro imeacha kujibu. Programu imejifunga na nilichochora kimekwenda."

"Mara ngapi?"

"Siku nyingine haizimi hata mara moja. Siku nyingine mara kumi, mpaka natamani kuitupa mferejini."

Reinder aliitikia kwa kichwa. Ugonjwa huo aliujua. Draiva ni ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi yake ya michoro, na kwenye mashine ya zamani mara nyingi ndiyo ya kwanza kuchoka. "Kwa nini usinunue mpya?"

"Programu yangu ya vioo haikubali kuhama mashine, na walioiuza walishafunga duka." Hilje alivua kitambaa cha kichwani akakikunja mezani. "Nachora madirisha ya vioo vya rangi. Nyumba moja ya wazee inataka matatu kwa ajili ya chumba chao cha kulia. Tumebaki wachoraji wawili tunaoshindania kazi hiyo. Wiki ya tano kuanzia leo lazima nioneshe kamati jinsi mwanga utakavyopita kwenye kioo tangu asubuhi mpaka jioni, na mwanga ndio unaoiua kompyuta."

"Basi hatutaiacha ife."

Aliifungua. Vumbi lilitoka humo kwa mafungu, laini na la kijivu, Tineke akasema linatosha kujazia mto. Reinder alisafisha feni, akapaka dawa mpya ya kupozea juu ya kadi, akaing'oa draiva yote mpaka mizizi yake, akaweka toleo la zamani lililoendana na umri wa kadi, na akaizuia mashine isijiletee jipya yenyewe. Kabla ya yote hayo alinakili kwenye flashi daftari la mashine, lile ambamo kompyuta huandika kila kosa lake na saa yake. Alilitupia jicho ukurasa wa kwanza tu, akaitia flashi mfukoni mwa koti lake. Kisha aliipa mashine mchoro mzito uzunguke kwa saa mbili nzima. Skrini haikupepesa hata mara moja.

"Amepona," alisema.

"Una hakika?"

"Ningekuwa sina hakika, ningekuambia ubaki ule supu na sisi."

"Kwa hiyo una hakika, na supu sipati?"

"Tineke, supu ipo?"

Supu ya haradali ilikuwepo. Hilje alibaki mpaka ukumbi ulipofungwa.

Jumanne mchana simu ya Reinder ililia akiwa amelala chali chini ya pampu.

"Imezima," sauti ya Hilje ilisema.

"Haiwezekani."

"Reinder, nimeketi mbele yake. Imezima mara nne tangu chakula cha mchana."

"Labda imenikumbuka."

"Ikukumbuke wewe? Kwa lipi? Kwa ndevu zenye mchuzi?"

"Iliniangalia sana, niliona."

"Nenda zako huko!" Lakini alikuwa akicheka. "Nije nayo Jumamosi?"

"Njoo nayo. Na usipokuwa nayo, njoo hivyo hivyo."

Akaja nayo. Jumamosi ile Reinder alibadilisha vijiti vya kumbukumbu. Iliyofuata aliazima kadi nyingine ya michoro akaijaribu. Baada ya hapo akafuta kila kitu na kuanza upya. Ndani ya ukumbi kompyuta ilifanya kazi kama jana imetoka dukani. Ikirudishwa kwenye karakana ya Hilje, siku mbili tatu hazipiti, simu inalia.

Na simu zile zilirefuka. Zilianza kwenye skrini nyeusi zikaishia kwenye mambo yasiyo na skrini: mama yake Reinder aliyekuwa akimtumia soksi kwa posta, jinsi kioo chekundu kinavyogharimu kuliko cha kijani, kwa nini watu wa mji huu husalimiana kwa neno moja tu na bado hujisifu kuwa ni wachangamfu. Jumamosi ya nne mvua iliwafungia kwenye kibanda cha baiskeli nyuma ya ukumbi. Hilje alikuwa amevaa gauni la sufu la buluu iliyokoza, akinukia sabuni na kidogo moto wa tanuri la vioo.

"Usiniangalie hivyo," alisema.

"Hivyo vipi?"

"Kama unatafuta nilipoharibika."

"Nimetafuta. Sijapapata."

Walibusiana pale, kati ya baiskeli za watu, maji yakidondoka kwenye mabati.

Jumamosi ya tano Hilje alikwenda jikoni kuchukua kahawa. Alirudi na vikombe viwili na kipande cha keki ya viungo juu ya kisahani, akasukuma mlango kwa kiwiko, na ndipo akamsikia Tineke, ambaye hakuwahi kujua kunong'ona:

"Reinder, mwanangu, mashine hiyo ni nzima kuliko mimi. Huyo dada anaitia ugonjwa mwenyewe ili apate sababu ya kuja."

Na Reinder, bila kugeuka, akacheka. "Basi aendelee tu. Mimi nimelalamika?"

Meza tatu zikacheka pamoja naye.

Hilje aliweka vikombe juu ya kiti cha karibu. Kicheko kikafa meza moja baada ya nyingine.

"Unadhani nazua?" aliuliza.

"Hilje, ulikuwa utani..."

"Sikuuliza kama ni utani. Nimekuuliza, unadhani nazua?"

Reinder angesema hapana papo hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo haraka. Alinyamaza kwa sekunde moja, na sekunde hiyo Hilje aliisoma yote.

"Niliolewa miaka sita na mtu aliyeniambia kila siku kwamba nazua," alisema polepole. "Nikisikia harufu ya gesi, nazua. Nikimwona na mwanamke, nazua. Nilijiapiza sitakaa tena chumba kimoja na mtu wa namna hiyo."

Alichomoa nyaya mwenyewe, akalibeba kasha. Reinder alimfuata hadi nje kwenye mvua.

"Ngoja nikusaidie kulifunga."

"Usiliguse."

Alilifunga peke yake, akaondoka akiisukuma baiskeli.

Reinder alipiga simu jioni ile, haikupokelewa. Jumapili alipiga mara tatu, akaandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi: *Samahani*. Haukujibiwa. Jumatatu baada ya kazi alikuwa akitafuta funguo kwenye koti la kijani vidole vyake vikagusa ile flashi. Aliitoa akaiangalia. Kisha akaichomeka na, kwa mara ya kwanza, akalisoma daftari la mashine tangu mwanzo hadi mwisho.

Makosa yalikuwa hamsini na matatu. Yote yalikuwa pale, na saa zake, na dakika zake. Na hayakuwa ya ovyo. Hapakuwa na hata moja la Jumatano wala Jumapili. Yote yalitokea Jumanne na Ijumaa, na kati ya moja na lingine mara nyingi palikuwa na dakika zilizokaribiana, kumi na saba, kumi na sita, kumi na nane.

Mwanamke yule alikuwa amemwambia kweli wiki tano, na ushahidi ulikuwa ukining'inia pamoja na koti kwenye msumari mlangoni pake.

Tineke alipiga simu. "Umempata?"

"Hapokei."

"Ni mdomo wangu huu. Lakini na wewe, mwanangu, ulikuwa na nafasi ya kumtetea ukaitumia kuchekesha watu."

"Najua, Tineke."

"Kujua kwenye simu hakumsaidii. Nenda."

Jumanne aliomba ruhusa kazini. Karakana ya Hilje ilikuwa katika jengo la zamani la kiwanda cha maturubai kando ya mfereji, mlango wa tatu. Hilje alifungua akiwa na aproni nzito na miwani ya kazi iliyopandishwa kichwani. Hakuwa amelala vizuri.

"Kesho saa tatu niko mbele ya kamati," alisema. "Nina kioo cha mfano cha kuchoma na picha ya mwanga ya kumaliza, na imeshazima mara mbili. Sema ulichokuja kusema."

"Ulisema kweli, tangu siku ya kwanza. Makosa hamsini na matatu, yameandikwa. Nilikuwa nayo mfukoni sikuyasoma. Sikukuamini, Hilje. Si kwa sababu ulisema jambo lisiloaminika. Nilitamani uwe unazua. Ingekuwa na maana kwamba unanifuata mimi, si fundi."

"Kwa hiyo mimi kuwa mwongo ndiko kungekufurahisha?"

"Ndiyo. Ni upumbavu, lakini ndiyo."

Nje mashua ya takataka ilipita, ikapiga honi, ikapotea.

"Una saa mbili," Hilje alisema mwishowe. "Na usiongee."

Reinder aliketi kwenye kigoda akiwa na saa, kalamu na karatasi. Hilje alivaa vipokea sauti vyake masikioni, kama alivyozoea, akaendelea kuchora. Dirisha lilikuwa linajitokeza kwenye skrini: majani marefu ya kijani ya bwawani, na mwanga ukipita katikati yake kuelekea sakafuni. Saa nne na dakika kumi na nne skrini ikawa nyeusi. Reinder akaandika. Saa nne na dakika thelathini na moja akasikia kitu nyuma ya ukuta, mlio mdogo mkavu, *ta!*, na skrini ikawa nyeusi tena.

"Hilje!"

Hilje alivua vipokea sauti. "Nilisema nini?"

"Ni nini kinacholia huko nyuma?"

"Tanuri. Linajiwasha na kujizima ili moto usizidi."

"Huwa unalitumia siku gani?"

Hilje alifungua mdomo kumjibu, akaganda. "Jumanne," alisema. "Na Ijumaa."

Waliangaliana. Kisha wote wawili wakapiga magoti, wakaufuata waya wa kompyuta nyuma ya rafu, chini ya makaratasi, mpaka kwenye ekstensheni moja ndefu ya kijivu. Mwisho wake palikuwa na waya wa pili, mnene, uliopita tundu la ukuta kwenda kwa tanuri.

"Tanuri na kompyuta wanakunywa glasi moja," Reinder alisema akiwa bado amepiga magoti. "Tanuri likiwaka linavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Pawa saplai ya kompyuta, kile kifaa kinachoigawia umeme, imezeeka, haiwezi kustahimili mtikisiko huo. Kadi inakosa pumzi, draiva inaanguka. Kule ukumbini hakuna tanuri, ndiyo maana ilikuwa nzima. Sikuwahi kukuuliza kazi yako inafanyika vipi. Niliuliza mashine tu."

"Basi nizime tanuri."

"Kioo kiko ndani?"

Hilje akashika kichwa. "Kiko ndani. Nikizima sasa kitapasuka."

"Kuna soketi nyingine isiyo ya laini hii?"

"Ile ya jiko la korido. Tunachangia na fundi baiskeli wa jirani."

Wakaibeba kompyuta, Reinder kasha, Hilje skrini, kibodi kwapani, mpaka kwenye jiko dogo la korido, wakaiweka kati ya sinki na birika. Fundi baiskeli akaja na kikombe chake.

"Naomba kuchemsha maji."

"Thubutu!" Hilje na Reinder walisema kwa pamoja, naye akarudi kinyumenyume.

Hilje alichora akiwa amesimama. Reinder alisimama mlangoni akiwa ameelekeza sikio nyuma. *Ta!* Skrini ikabaki. Baada ya dakika kumi na saba, *ta!* tena. Mwanga ukaendelea kutembea juu ya sakafu iliyochorwa, kutoka rangi ya asubuhi kwenda ya adhuhuri, haukukatika. Hilje aliweka kalamu ya kuchorea juu ya sinki, akajifunika uso kwa mikono yenye plasta, na mabega yake yakatikisika.

"Unalia?"

"Sijui. Nyamaza."

Akanyamaza.

Saa kumi alasiri picha ilikuwa imekamilika, na tanuri limeanza kupoa lenyewe. Hilje aliosha mikono, akajifuta taratibu kidole kimoja kimoja.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sawa."

"Ile sekunde moja uliyonyamaza. Iliniuma kuliko kicheko chao."

"Nilijua ilipokuwa inapita. Nikaiacha ipite."

"Siku nyingine usiponiamini, niambie usoni. Tugombane. Lakini usinichekee."

"Siku nyingine?" Reinder aliuliza kwa tahadhari.

Hilje alimvuta kwa ukosi wa koti akalaza paji la uso kifuani pake. "Umenisikia, mpenzi. Usinirudishe kwenye maneno, nimechoka."

Kamati ilikaa kwa muda wa saa mbili. Haikumpa madirisha yote matatu. Ilimpa moja, la upande wa mashariki, na mengine ikampa mchoraji mwenzake. Hilje alimpigia Reinder akiwa kituo cha basi, upepo ukimfanya apige kelele.

"Moja tu!"

"Moja ni dirisha, hazina yangu. Jana hukuwa na lolote."

"Unataka nifurahi?"

"Nataka uje ule kwanza. Halafu tutaamua kama tunafurahi."

Wakala, wakaamua kufurahi. Wiki ile ile Reinder alifunga pawa saplai mpya, na fundi wa umeme akavuta laini ya peke yake kwa ajili ya tanuri. Tineke alikuja karakana na chupa ya mvinyo wa matunda, akaomba radhi kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya mfereji.

Dirisha lilipandishwa mwezi wa Mei. Wazee waliletewa kifungua kinywa mapema ili wasikose, na jua lilipopanda, rangi ya kijani ilimwagika mezani, juu ya mikate na mayai yao. Bibi mmoja aliweka kiganja chake kwenye rangi hiyo akakigeuza juu na chini. Hilje, katika gauni jeupe lenye vifungo vya udongo alivyovitengeneza mwenyewe, alikimbilia bustanini kwa sababu hakutaka waone anavyolia.

Reinder alimkuta kwenye benchi. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi kwa makini mbele tu.

"Mwenye nyumba wangu anauza," alisema, akaketi. "Natakiwa kuhama kabla ya Agosti."

"Pole. Umepata pa kwenda?"

"Nimepata ninapopataka. Sijui kama wananitaka."

Hilje alijifuta macho akamgeukia. "Reinder Oosting, unaniomba kuhamia kwangu au unaniomba tuoane?"

"Ipi ina nafasi kubwa ya kukubaliwa?"

"Sijui. Omba zote mbili, moja moja, tuone."

Akaomba ya kwanza, akakubaliwa kabla hajamaliza sentensi. Alipofika ya pili sauti ilimkwama, akaanza upya, ikamkwama tena, na Hilje hakumsaidia. Alimngoja, magoti yao yakigusana, mpaka neno la mwisho likatoka.

"Ndiyo," Hilje alisema. "Lakini Septemba. Juni na Julai nina kazi."